Pikipiki mpya, ubovu wa siku ya kwanza: kagua haya kabla ya kuondoka dukani

Mtu akienda kununua pikipiki iliyotumika, huongozana na fundi wake. Akienda kununua mpya, hubeba hela tu. Ataangalia rangi, atajaribu honi, atapiga picha, ataondoka. Wiki ya pili tunapata ujumbe studio: cheni imeruka, betri haishiki chaji, gurudumu la nyuma linayumba, na duka linasema tatizo ni la dereva.

Makala hii inaeleza kwa nini pikipiki mpya inaweza kutoka dukani ikiwa na kasoro, namna ya kuziona mapema, na la kufanya zikijitokeza ukiwa tayari nyumbani.

Kwa nini kitu kipya kiwe kibovu?

Pikipiki nyingi zinazofanya kazi kwenye vijiwe vya Chalinze, Lugoba, Msata na Kiwangwa zimetengenezwa India au China. Huingia bandarini Dar es Salaam zikiwa ndani ya kreti, baadhi ya vipande vimefunguliwa ili zikae nyingi kwenye kontena moja. Gurudumu la mbele, usukani, vioo na betri mara nyingi hufungwa hapa nchini, kwenye ghala au nyuma ya duka.

Maana yake ni kwamba mtu wa mwisho kukaza nati za gurudumu lako ni kijana mwenye spana, wala si mtambo wa kiwandani. Akiwa makini na akipewa muda, utapata pikipiki salama. Akiharakishwa kwa sababu mzigo umeingia na wateja wanasubiri, nati moja inabaki imekazwa kwa mkono tu. Kiwanda hutegemea duka liikague kila pikipiki kabla ya kumkabidhi mteja: oili, betri, breki, cheni, nati, taa na upepo wa matairi. Duka likiruka hatua hiyo, atakayegundua kasoro ni wewe, tena barabarani.

Kwa watu wa huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Wengi hununua Dar es Salaam na kurudi nayo siku hiyohiyo, zaidi ya kilomita 100, kupitia Kibaha, Mlandizi na Vigwaza, katikati ya malori na mabasi yaendayo bara. Nati iliyolegea ukiwa mtaani itakuangusha uchubuke goti. Ikitoka mbele ya semitrela, ni habari nyingine.

Kabla hujasaini

Duka likikupa karatasi ya makabidhiano, usiisaini kwanza. Omba nusu saa na pikipiki, mchana kweupe. Kama unaweza, nenda na fundi unayemwamini. Kama huwezi, haya unaweza kuyaangalia mwenyewe.

Anza na namba. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma karibu na shingo ya usukani, na namba ya injini iko kwenye injini yenyewe. Zilinganishe na karatasi zako, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, waranti na usajili wako vyote vitakusumbua.

Oili. Simamisha pikipiki wima, angalia kioo kidogo cha injini au kijiti cha kupimia. Usikubali jibu la "imo tu". Kiasi kinatakiwa kuwa kati ya alama mbili.

Betri. Uliza kama ni ya kufungwa kabisa au ya kumiminiwa asidi. Ile ya asidi huja kavu. Ikishamiminiwa inatakiwa kutulia, kisha kuchajiwa taratibu kwa saa kadhaa kabla ya kufungwa. Ikifungwa bila kuchajiwa, starta itafanya kazi siku chache, halafu utabaki kupiga kiki. Angalia pia mpira mwembamba wa kupumulia unaotoka kwenye betri hiyo. Usiwe umezibwa, na usielekee kwenye cheni wala fremu, kwa sababu asidi hula chuma.

Cheni. Isukume juu na chini kwa kidole, katikati ya sproketi mbili. Kwa nyingi ya pikipiki hizi inatakiwa kucheza sentimita 2 hadi 3. Kisha tafuta kibanio cha kiungo cha cheni, kile kinachofanana na samaki mdogo. Upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda gurudumu likizunguka mbele. Kikifungwa kinyume kinaweza kung'oka, na cheni ikaachia.

Magurudumu na breki. Kaza macho kwenye nati ya ekseli ya nyuma. Kama muundo wake unahitaji pini ya kuizuia isifunguke, pini hiyo iwepo na iwe imekunjwa. Halafu tazama ule mkono wa chuma unaounganisha breki ya nyuma na mwili wa pikipiki. Kazi yake ni kuzuia bamba la breki lisizunguke pamoja na gurudumu. Nati yake ikitoka, siku utakapokanyaga breki gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Ni nati ndogo, na ni miongoni mwa zile zinazosahaulika.

Usukani. Washa injini, iache iungurume taratibu bila kuongeza mafuta, kisha geuza usukani hadi mwisho kushoto, halafu hadi mwisho kulia. Mlio ukipanda, waya wa mafuta umepitishwa vibaya na unavutwa. Siku utakapokata kona kali, pikipiki itaongeza mwendo yenyewe. Zima injini, shika breki ya mbele, sukuma pikipiki mbele na nyuma. Ukisikia "ko-ko" kwenye shingo, beringi za usukani hazijakazwa sawa.

Mwisho jaribu taa zote, indiketa, taa ya breki kwa mkono na kwa mguu, klachi na kila gia. Kasoro yoyote utakayoiona, itengenezwe ukiwa hapohapo. Wakisema "utarudi wiki ijayo tukurekebishie", iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kwa tarehe na mhuri.

Safari ya kwanza

Injini mpya haitaki kuvutwa kwa pupa. Vyuma vyake vya ndani bado vinazoeana. Usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu, usiivute hadi mwisho wa mafuta, na usiing'ang'anize gia kubwa mlimani. Mwendo wa juu kwa kipindi hiki umeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kama hukupewa kitabu, rudi ukadai, kwa sababu ndani yake ndimo yalimo masharti ya sevisi.

Kama unatoka nayo Dar es Salaam, simama Kibaha, simama tena Mlandizi. Iache ipoe kidogo. Pitisha macho kwenye nati, angalia kama oili inavuja chini ya injini, kisha sogeza mkono karibu na katikati ya kila gurudumu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko jingine, huenda breki yake imekazwa mno na inakwaruza muda wote. Ukifika Chalinze, pima tena cheni, maana cheni mpya huongezeka urefu mapema.

Mizigo nayo isubiri. Mishikaki si halali hata kwa pikipiki ya zamani, na magunia ya mkaa au matenga ya mananasi kutoka Kiwangwa kwenye injini ya siku tatu ni kuiua mapema.

Sevisi ya kwanza usiiruke. Kwa pikipiki nyingi za aina hii hufanyika kati ya kilomita 500 na 750. Oili ya kwanza hubeba unga wa chuma uliotokana na injini kuzoeana, ndiyo maana inamwagwa mapema hata kama inaonekana bado nzuri. Hapo pia fundi hupima tapeti, hukaza nati upya na kurekebisha cheni. Kwa bodaboda wa kutwa, kilomita hizo zinaweza kufika ndani ya wiki moja, kwa hiyo angalia dashibodi, usisubiri mwisho wa mwezi.

Ubovu ukijitokeza, ni wa nani?

Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Kasoro za pikipiki mpya ziko za aina tatu, na ukizichanganya utashindwa hata pale penye haki yako.

Aina ya kwanza ni kazi mbaya ya duka: nati zilizolegea, waya uliopitishwa vibaya, betri isiyochajiwa. Hili ni jukumu la aliyekuuzia. Aina ya pili ni ubovu wa kiwandani: gia zinazoruka zenyewe, injini inayogonga au kuvuja oili kwenye maungio, umeme unaokatika bila sababu. Hili ndilo linalohusu waranti hasa. Aina ya tatu ni matumizi: cheni iliyokauka bila kupakwa oili, ringi iliyopinda kwenye shimo, klachi iliyoungua kwa mzigo. Hii ni yako. Vitu vinavyolika kwa kutumika, kama matairi na brekshuu, kwa kawaida haviingii kwenye waranti.

Yako mambo yanayoweza kuiua waranti kabla haijakufaa: kuruka sevisi, kufunguliwa injini na fundi asiyetambuliwa na kampuni, na kukata nyaya ili kufunga redio, spika au taa za ziada. Ukitaka muziki kwenye pikipiki, subiri waranti iishe. Na injini ikianza kugonga, usikubali fundi wa kijiweni aifungue "aone tu". Akishaifungua, duka litasema yeye ndiye aliyeharibu, na hutakuwa na cha kujibu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi kwa njia mbili kubwa. Bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo inatakiwa kuwa ya ubora unaouzika, na mnunuzi ana haki ya kupewa nafasi ya kuikagua kabla ya kuhesabiwa kwamba ameikubali. Lakini sheria hiyohiyo ina makali upande wa pili. Kama uliikagua, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona inaweza kuhesabiwa kuwa uliikubali. Na ukikaa na kitu muda mrefu bila kulalamika, utachukuliwa kuwa umekipokea. Ndiyo maana tunasisitiza kuandika kasoro kwenye karatasi ya makabidhiano na kutoa taarifa siku ileile unapoona tatizo.

Yale maneno ya kwenye risiti, "mali ikishauzwa haitarudishwa", yasikutishe. Yanamfaa muuzaji dhidi ya mteja aliyebadili mawazo. Si kibali cha kuuza kitu kibovu.

Dai risiti ya EFD yenye bei halisi uliyolipa. Bila risiti, kila utakachosema ni maneno matupu. Weka pamoja risiti, kadi ya pikipiki, kitabu cha waranti na kumbukumbu za sevisi. Vipige picha vyote na umtumie ndugu mmoja, ili simu ikipotea karatasi zibaki.

Kisha tumia simu kukusanya ushahidi. Rekodi video ya mlio wa injini asubuhi ikiwa ya baridi, na nyingine inayoonyesha dashibodi ikiwa na kilomita zake. Tuma malalamiko kwa maandishi, kwa mfano: "Nilinunua pikipiki dukani kwenu tarehe fulani, risiti namba fulani, chasisi namba fulani. Ikiwa na kilomita 180 imeanza kuvuja oili upande wa kushoto wa injini. Nimeacha kuitumia. Naomba muikague na kuitengeneza chini ya waranti, na mnijibu kwa maandishi." Hakuna haja ya matusi. Ukipeleka pikipiki, usiiache bila karatasi inayosema imepokelewa lini na ina tatizo gani.

Duka likikaa kimya, panda kwa msambazaji wa chapa hiyo nchini. Asipojibu, ipo Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa na Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Mahakama ibaki kuwa njia ya mwisho.

Kwa dereva wa mkataba

Vijana wengi wa vijiweni hawakununua pikipiki wenyewe. Tajiri amenunua, dereva anapeleka hesabu kila siku mpaka pikipiki iwe yake. Pikipiki ikilala gereji siku tano kwa ubovu wa kiwandani, hesabu ya siku hizo nani anailipa? Mikataba mingi haisemi, na isiposema, anayeumia ni dereva.

Kabla ya kukabidhiwa funguo, ombeni mambo matatu yaandikwe. Kwanza, dereva awepo siku ya ukaguzi dukani au ashirikishwe kabla pikipiki haijaanza kazi. Pili, apewe nakala ya risiti na kitabu cha waranti, na ijulikane nani analipia sevisi ya kwanza. Tatu, siku ambazo pikipiki iko dukani kwa ubovu usiotokana na dereva, hesabu isimame na mkataba usogezwe mbele kwa siku hizohizo.

Tajiri naye ana faida hapo. Dereva asiyebanwa na hesabu ya siku ya gereji hatakuwa na sababu ya kuficha mlio wa injini ili tu amalize siku, na ubovu ulioripotiwa ukiwa na kilomita 180 una nafasi kubwa ya kutengenezwa kwa gharama ya duka kuliko ule uliofichwa hadi 3,000.