Diski ya Nje: Ipi Ichaguliwe?

Mwalimu wa Newala au Masasi anayehifadhi alama za wanafunzi katika kompyuta yafaa aielewe diski kabla ya kuinunua. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu yake bila kuzigusa. Diski ikianguka ingali inazunguka, kichwa chaweza kukwaruza sahani, na kumbukumbu zikapotea. Diski ya kielektroniki tupu haina kitu kizungukacho, hivyo hustahimili zaidi mtikisiko. Lakini kwa ujazo uleule bei yake ni kubwa zaidi. Mwenye fedha kidogo na achague ya kawaida, ndogo, ipatayo umeme kutoka kompyuta yenyewe. Hata hivyo, kila diski huharibika siku moja: alama ziwekwe katika diski mbili, zitunzwe mahali pawili.