OGM na tumbo la mwanadamu: kipimo kinatuambia nini?

Unga wa mahindi wa msaada unapofika kambini, hakosekani mtu wa kunong'ona: "Hiyo ni OGM, msile." Mama mwenye watoto wenye njaa amwamini nani? Ni vema makutaniko yetu yafahamu jinsi vyakula hivyo vinavyochunguzwa.

OGM ni mmea uliotiwa kinasaba kipya, kwa mfano ili ushinde wadudu. Kinasaba hicho huufanya mmea utengeneze protini ambayo haukuwa nayo. Protini zimo katika maharagwe, samaki na nyama. Tumbo huzikatakata, na mwili hujijenga kwa vipande hivyo. Protini inayokaa nzima tumboni hutiliwa shaka, kwa sababu ndivyo zilivyo baadhi ya protini zinazoleta mzio, kama zile za karanga. Mwenye mzio akila chakula kisichompatana, huwashwa, huvimba, au hata hushindwa kupumua.

Kwa hiyo maabara hutengeneza maji yanayofanana na yale ya tumbo: yana asidi kali na pepsini, kitu kinachokata protini, nayo huwekwa kwenye joto la mwili, nyuzi 37. Protini mpya hutiwa humo, kisha sampuli huchukuliwa mara kwa mara, kwa kawaida hadi dakika 60, ili kuona kama imekatika.

Huko Marekani, mahindi yaitwayo StarLink yaliruhusiwa mwaka 1998 kwa chakula cha mifugo tu, kwa kuwa protini yake, Cry9C, haikukatika upesi katika kipimo hicho. Mwaka 2000 mahindi hayo yalikutwa ndani ya vyakula vya watu, na vyakula hivyo vikaondolewa madukani. Baadhi ya walaji walisema wamedhurika. Damu zao zilipopimwa, hazikuonyesha mzio wa protini ile. Basi kipimo kilikuwa kimetoa tahadhari mapema. Walioshindwa ni watu waliopaswa kutenganisha mahindi hayo na mengine.

Hata hivyo kipimo hiki peke yake hakitoshi. Kazeini ya maziwa hukatika upesi, lakini wako watu wanaopata mzio kwa ajili yake. Ndiyo maana mwongozo wa Codex Alimentarius, chombo cha FAO na OMS, uliotolewa mwaka 2003, unataka ushahidi wa namna nyingi: kinasaba kimetoka wapi, protini inafanana na zipi zinazojulikana kuleta mzio, na inakatikaje tumboni.

Mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike kuyapima mambo kabla ya kuyapokea au kuyakataa. Mama zetu wanalijua hilo: muhogo mchungu hauliwi kabla ya kulowekwa na kukaushwa, na kwa uangalifu huo umelisha vizazi. Basi shemasi anayegawa chakula aulize: ni mbegu gani? Imeruhusiwa kwa watu au kwa mifugo? Imehifadhiwa wapi? Majibu ayatangaze wazi mbele ya watu wote. Anayeeneza uvumi humnyima mtoto chakula, na anayeficha asili ya gunia humnyima mama haki ya kujua anachompikia mtoto wake. Kanisa lisikubali yote mawili.