Chango Lisiloisha kwa Kuzaa

Katika vilima vya Buhigwe, mkoani Kigoma, msichana anayejikunja kitandani kila mwezi huambiwa ana chango, litaisha akizaa. Nyumbani huchemshiwa mizizi, zahanati humpa parasetamoli au dawa ya UTI, na mwezi ujao anakosa shule tena. Wengi hutulia wakikua. Lakini takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa ana endometriosisi. Shirika la Afya Duniani linawakadiria kuwa milioni 190 duniani kote.

Katika ugonjwa huu, nyama laini inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji huo: kwenye ovari, mirija, utumbo au kibofu. Homoni ya estrojeni huistawisha. Hedhi ikifika nayo huvuja damu, ila damu hiyo haina pa kutokea. Panavimba, panapona kwa kovu, na mwezi ujao hali ni ileile. Baada ya miaka, makovu hushikamanisha ovari na utumbo, mirija ikapinda. Kati ya asilimia 30 na 50 ya wenye ugonjwa huu hupata shida ya kushika mimba, na kwetu lawama ya nyumba isiyo na mtoto humwangukia mke kwanza.

Madhara yasiyotajwa sana yako kwenye mishipa ya fahamu. Ubongo na uti wa mgongo vikipokea maumivu miaka nenda miaka rudi, huzidi kuwa vyepesi kuyahisi. Mwanamke huumia akienda haja kubwa, akikutana na mumewe, akiinama kupalilia maharage, hata siku zisizo za hedhi. Wapo wanaoendelea kuumia hata baada ya upasuaji. Ndiyo maana miaka 4 hadi 12 ambayo kwa kawaida hupita kabla ugonjwa haujatambuliwa ina gharama kubwa. Hatari ya saratani ya ovari nayo hupanda, lakini kidogo tu. Isimkoseshe mtu usingizi.

Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, amesema hadharani kwamba amepasuliwa mara 13 kwa sababu ya ugonjwa huu. Alijifungua mtoto wake wa kwanza mwaka 2017. Mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, ambaye ugonjwa ulimfika hadi mapafuni, jambo la nadra, alifariki Juni 2024.

Na kuzaa si tiba: mimba huweza kutuliza maumivu kwa muda, haiponyi. Ultrasaundi ya kawaida nayo inaweza isione kitu. Hata hivyo, mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa 2022 unaruhusu kuanza tiba kwa kufuata dalili, bila kusubiri upasuaji wa kuchungulia tumboni. Na tiba ya kuanzia mara nyingi tayari iko kwenye kabati la zahanati: ibuprofeni, pamoja na vidonge, sindano au vijiti vya uzazi wa mpango. Najua mzazi atashtuka kusikia binti asiyeolewa anapewa vidonge hivyo. Haviui kizazi, uwezo wa kushika mimba hurudi vikiachwa, ingawa kwa sindano huchukua miezi.

Mama, andika tarehe ambazo binti yako ameshindwa kwenda shule kwa sababu ya tumbo, uende nazo kituoni. Nawe mhudumu, usimwandikie dawa ya UTI kabla ya kupima mkojo.