Kwa Nini Mita ya LUKU Haisahau Uniti Umeme Unapokatika

Umeme unapokatika katika Kata ya Ndalambo, Wilaya ya Momba mkoani Songwe, barua iliyokuwa ikiandikwa kwenye kompyuta ya mezani bila kuhifadhiwa inaweza kupotea, ilhali uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU hubaki vilevile hadi umeme urejee. Vifaa vyote viwili hutumia kumbukumbu zilizotengenezwa kwa chipu za silikoni, lakini kumbukumbu hizo si za aina moja.

Kompyuta huweka kazi inayoendelea kwenye RAM. Humo kila biti, yaani sifuri au moja, ni chaji ndogo ya umeme inayolindwa na transista moja, ubunifu uliopewa hataza nchini Marekani mwaka 1968 kwa jina la Robert Dennard wa kampuni ya IBM. Chaji hiyo huvuja, hivyo hulazimika kujazwa upya mara nyingi kila sekunde. Umeme ukikatika, hakuna kinachoijaza. Inavumiliwa kwa sababu ya kasi yake, kwani bila RAM kompyuta ingekuwa nzito kupita kiasi.

Katika kumbukumbu ya kudumu, kama ile ya flashi na simu, chaji hufungiwa ndani ya tabaka lisilopitisha umeme na hukaa humo kwa miaka. Kasoro yake ni kwamba huandikwa polepole zaidi na huchakaa kadiri inavyofutwa na kuandikwa tena.

Mita ya LUKU hutunza salio katika kumbukumbu ya kudumu, hivyo hofu ya baadhi ya wateja kwamba kukatika kwa umeme "hula" uniti haina msingi. Humo pia hutunzwa vitambulisho vya tokeni zilizokwishaingizwa, ndiyo maana tokeni moja haikubaliki mara mbili. Kitambulisho hicho ni muda ambao tokeni ilitolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, na kimetengewa biti 24 pekee. Nafasi hiyo inatosha dakika 16,777,216, nazo zilifikia ukomo Novemba 24, 2024.

Kwa sababu hiyo wateja wa TANESCO walitakiwa kuingiza namba mbili za maboresho, kila moja yenye tarakimu 20, kabla ya tokeni ya umeme. Namba hizo zilibadilisha ufunguo wa siri uliohifadhiwa ndani ya mita na kuruhusu hesabu mpya ya muda. Hazikukusudiwa kugusa salio. Iliyoathirika ni tokeni ya zamani ambayo mteja alikuwa ameinunua bila kuiingiza, kwa kuwa mita yenye ufunguo mpya haiwezi tena kuisoma.

Kwa upande wa kompyuta za ofisini, kubonyeza kitufe cha kuhifadhi ndiko kunakohamisha kazi kutoka RAM kwenda kwenye diski. Betri ya akiba huiongezea RAM dakika chache tu, zinazotosha kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu.