Galaksi zinazovuja: nani aliondoa ukungu wa ulimwengu?

Wadau, usiku usio na mwezi kule Mabwerebwere, Kilosa, nyumba ya udongo yenye nyufa unaitambua kwa mbali. Kibatari kiko ndani, lakini mwanga unapenya. Iliyokandikwa vizuri huoni kitu. Wanaastronomia nao wanatafuta nyufa, ila kwenye galaksi.

Ulimwengu una umri wa miaka kama bilioni 13.8. Zamani ulijaa gesi ya hidrojeni, ambayo inameza mwanga mkali wa nyota changa, ule wa mawimbi mafupi kuliko nanomita 91.2. Mwanga huo ukiipata atomu ya hidrojeni unaing'oa elektroni yake. Ulimwengu ulipofikisha kama miaka bilioni 1, hidrojeni iliyo kati ya galaksi ilikuwa imeng'olewa karibu yote. Nani alifanya kazi hiyo? Watuhumiwa wakuu ni galaksi ndogo zilizokuwa zinazaa nyota kwa kasi. Lakini nazo zimekandikwa kwa gesi hiyo hiyo, sasa mwanga ulitokaje?

Kuuona wenyewe kwa galaksi za enzi hizo haiwezekani, unamezwa njiani. Hata darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, haina ujanja hapo. Ndiyo maana wanauchambua mwanga mwingine unaotufikia, rangi kwa rangi, kutafuta dalili.

Za jirani zimesaidia sana. Mwaka 2007 wananchi wa kawaida waliojitolea kupanga picha za galaksi kwenye intaneti walianza kugundua vidoa vya kijani, vikaitwa njegere. Mwaka 2016 timu ya Yuri Izotov, kwa kutumia darubini ya Hubble, ikatangaza kwamba galaksi moja ya aina hiyo inavujisha kama asilimia 8 ya mwanga huo. Baadaye zikapatikana zinazovujisha zaidi ya asilimia 40!

Zinazovuja zina alama zake. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili inang'aa kuliko iliyopoteza moja. Halafu kuna mwanga wa hidrojeni yenyewe, Lyman-alfa, wa nanomita 121.6, unaotoka na vilele viwili. Vikikaribiana, ujue ukuta ni mwembamba.

Hii ya vilele ndiyo naiamini zaidi, maana ya oksijeni hudanganya: zipo zenye alama hiyo na hazivuji kitu. Kizungumkuti ni kwamba kwa galaksi za kale, kilele kimoja, cha upande wa bluu, kwa kawaida humezwa na hidrojeni ya njiani. Dalili nzuri inapotea palepale inapohitajika, unabaki na ile ya oksijeni.