Achari ya mama yataka daftari

Mzazi wa Pwani akiambiwa na mwanawe kwamba amechagua kusomea teknolojia ya chakula, aghalabu jibu lake huwa: "Upishi hufunzwa jikoni. Chuo kikuu wafuata nini?" Jibu hilo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotutia hasara.

Tutazame achari ya embe. Mama zetu wajua kwamba embe bichi hukatwa, hutiwa chumvi, huanikwa juani, kisha hutiwa siki na pilipili. Ikitengenezwa vyema hukaa miezi bila kuoza. Sababu yake ni kuwa chumvi na jua huondoa maji yanayohitajiwa na vijidudu, na siki huongeza ukali. Wataalamu huupima ukali huo kwa kipimo kiitwacho pH: nambari ikipungua, ukali huzidi. Chini ya 4.6, kijidudu cha botulizimu, ambacho sumu yake huua, hakiwezi kumea. Mama huutambua ukali kwa ulimi. Mwanafunzi huupima, akauandika.

Na katika kuandika ndimo mlimo na faida. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Chupa 10 za kuwauzia majirani, mkono wa mama watosha. Chupa 10,000 za kupelekwa Nairobi au Dubai, lazima kila moja iwe sawa na mwenzake.

Elimu hii hufundishwa, miongoni mwa vyuo vingine, katika Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, Jomo Kenyatta kule Juja, na Egerton kule Njoro. Mwanafunzi husoma kemia ya chakula, vijidudu, mitambo na ufungaji. Akifika somo la kubuni vyakula vipya, kwanza huuliza mnunuzi ataka nini. Kisha hutengeneza kidogo, akawapa watu waonje. Kila mwonjaji huketi peke yake, pengine chini ya taa nyekundu ili rangi isimhadae, akatoa alama kuanzia 1 hadi 9. Baadaye chakula huwekwa penye joto jingi ili ijulikane mapema kitadumu muda gani. Hapo ndipo hupatikana tarehe inayoandikwa chupani.

Kwa Muislamu, liko jambo zito zaidi. Gelatini inayotiwa katika peremende nyingi hutokana na ngozi ya nguruwe, au ngozi na mifupa ya ng'ombe. Kiungo kiitwacho E471 chaweza kutokana na mafuta ya mimea au ya mnyama, na mara nyingi karatasi ya pakiti haisemi ni yapi. Sheikh ndiye atakayetoa hukumu, lakini hana budi kwanza aelezwe kilichomo. Ni nani atakayemweleza, ikiwa hatuna wanetu waliosomea jambo hilo?

Kila msimu maembe mengi huozea chini ya miembe, Kilifi na Tana River, ilhali madukani twanunua maji ya matunda yaliyofungwa kwingine. Basi kijana aliyefaulu kemia na biolojia, akitaka elimu hii, mzazi asimzuie. Wala kijana naye asiidharau jiko la mamake, kwani huko ndiko walikoanzia wataalamu.