Kukosa Nafasi au Kunyimwa Nafasi? Istilahi za Uuzaji wa Tiketi Kupita Viti vya Ndege

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi chache za usafiri wa anga zinazomhusu abiria mwenye tiketi halali, aliyefika kiwanjani kwa wakati, na ambaye hata hivyo ndege iliruka bila yeye kwa sababu tiketi zilizouzwa zilikuwa nyingi kuliko viti. Wasomaji wetu walio wengi hawafanyi kazi katika mashirika ya ndege. Lakini hati za jambo hili, yaani masharti ya tiketi, matangazo ya kiwanjani, barua za malalamiko na majibu yake, huweza kumfikia mfasiri, mwalimu au mtumishi wa serikali siku yoyote. Neno moja likipotoka katika hati hizo, mtu aliyekoseshwa haki yake huonekana kuwa mzembe, na dai lake hudhoofika kabla halijasikilizwa.

2. Jambo lenyewe

Kiti cha ndege ni bidhaa isiyoweza kuwekwa akiba. Ndege ikisha kuruka, kiti kilichobaki kitupu hakiuziki tena, mithili ya samaki aliyelala bila barafu. Hali kadhalika, si kila aliyeweka nafasi hutokea. Wako wanaougua, wako wanaobadili nia, na wako wanaocheleweshwa na ndege waliyopanda kwanza. Kwa hiyo shirika huchunguza safari zilizopita, likakisia idadi ya wasiotokea, kisha likauza tiketi zaidi ya viti vilivyopo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ndege ina viti 100, na imezoeleka kwamba katika kila abiria 100 waliokata tiketi, 10 hawatokei. Shirika likiuza tiketi 108, litarajie abiria 97 hivi. Siku nyingi hesabu hiyo hutimia, na hakuna anayejua kwamba tiketi zilizidi. Lakini wastani si ahadi. Siku watakapotokea abiria 103, watatu kati yao watakuwa na tiketi lakini hawana viti.

Yafaa ieleweke kwamba sheria za Marekani na za Umoja wa Ulaya hazikuipiga marufuku desturi hii. Zimeiacha iendelee, na badala yake zimeweka masharti kuhusu mtu anayeumia kwayo. Basi mfasiri asitafute neno la kulaani, wala asitafute neno la kufunika. Kazi yake ni kutaja nani ametenda nini.

3. Jina la kitendo

Tafsiri inayokuja upesi mdomoni ni “kujaza kupita kiasi”. Tafsiri hiyo haifai. Kujaza kupita kiasi ni jambo la daladala na matatu, ambamo watu huzidi viti na bado wakasafiri kwa kusimama au kubanana. Ndani ya ndege hakuna anayesimama njia nzima. Kinachozidi si watu ndani ya chombo, bali ni ahadi zilizotolewa kabla ya safari.

Tafsiri ya pili, “kuzidisha nafasi”, ina kasoro mbaya zaidi. Msomaji asiyejua jambo hili ataelewa kwamba nafasi zimeongezwa, yaani shirika limeleta ndege kubwa au limeongeza safari. Hapo maana imegeuka kinyume chake.

Tunapendekeza “uuzaji wa nafasi kupita viti”, na kwa kifupi “uuzaji kupita viti”. Ni istilahi ndefu kidogo, lakini ina mambo mawili yanayohitajika: kitendo cha kuuza, ambacho kina mtendaji, na kipimo kilichopitwa, ambacho ni viti. Kwa upande wa abiria aliyekata tiketi na hakuja, “abiria asiyetokea” yatosha. “Mtoro” si sahihi, kwa kuwa neno hilo linahukumu, na huenda abiria huyo yumo hospitalini.

4. Jina la tukio

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima. Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyoweza kutumika juu ya abiria aliyebaki kiwanjani, na kila kimoja huweka lawama mahali pake.

“Ameachwa na ndege” husemwa juu ya aliyechelewa. Kosa ni lake, au ni la barabara iliyomchelewesha. “Amekosa nafasi” haimtaji mtendaji yeyote. Husemwa juu ya mtu aliyekwenda kutafuta nafasi akakuta zimekwisha, wala hakuwa ameahidiwa kitu. “Amezuiwa” huleta picha ya askari au afisa wa uhamiaji. “Amekataliwa” humaanisha kwamba ombi lilipimwa likaonekana halifai, kwa mfano kwa sababu ya pasipoti iliyokwisha muda.

“Amenyimwa” ni tofauti na yote hayo. Hunyimwa mtu aliyestahili kupewa, na anayenyima ni yule mwenye uwezo wa kutoa. Aidha, kauli ya kutendwa humwita mtendaji: amenyimwa na nani? Swali hilo halizuki katika “amekosa”. Kwa sababu hiyo twaona kwamba istilahi ya tukio hili iwe “kunyimwa nafasi”.

Uteuzi huu si wa kupamba lugha tu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, ililieleza tukio hili kuwa ni kukataa kumsafirisha abiria aliyejihudhurisha ipasavyo, isipokuwa pale penye sababu za haki kama vile afya, usalama au upungufu wa hati za kusafiria. Lugha za Umoja huo zenyewe hazikufuata njia moja: matini ya Kifaransa yana neno lenye maana ya “kukataliwa kupanda”, na ya Kijerumani yana neno lenye maana ya “kutosafirishwa”. Kiswahili kinaweza kutenga pande mbili za kanuni hiyo kwa maneno mawili ya kawaida. Asiye na hati amekataliwa kupanda. Mwenye kila kitu isipokuwa kiti amenyimwa nafasi. Mfasiri akiyachanganya hayo mawili, amefuta mpaka unaotenga mwenye haki ya fidia na asiye nayo.

5. Hiari, fidia na huduma

Mwaka 1972 Ralph Nader, mtetezi mashuhuri wa walaji nchini Marekani, alinyimwa nafasi katika ndege ya shirika la Allegheny ingawa tiketi yake ilikuwa imethibitishwa. Alifungua kesi, na mwaka 1976 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba dai lake la kudanganywa, yaani kwamba shirika liliwaficha abiria desturi yake ya kuuza kupita viti, liliweza kusikilizwa mahakamani bila kusubiri kwanza uamuzi wa bodi ya serikali iliyosimamia usafiri wa anga. Kabla ya hapo, mwaka 1968, mwanauchumi Julian Simon alikuwa amependekeza njia inayofanana na mnada: shirika liwaulize abiria ni nani yuko tayari kubaki, na kwa malipo gani. Pendekezo hilo lilidharauliwa kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 1978 Marekani iliweka sharti kwamba shirika litafute kwanza wanaokubali kubaki, kabla ya kumnyima mtu nafasi bila ridhaa yake.

Abiria huyo anayekubali kubaki tumwiteje? “Mjitolea” hupotosha, kwani kujitolea kwetu ni kufanya kazi bila kudai ujira, kama katika ujenzi wa shule ya kijiji. Huyu anauza kitu alicho nacho. Istilahi “mwachia nafasi kwa hiari” yaeleza hali yake vizuri, na yamkumbusha kwamba ana haki ya kutaja bei.

Malipo nayo yatenganishwe. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2004 ilimpa aliyenyimwa nafasi bila hiari yake vitu vitatu. Cha kwanza ni fidia ya fedha: yuro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, yuro 400 kwa safari nyingi za masafa ya kati, na yuro 600 kwa safari ndefu zaidi ya kilomita 3,500 zinazotoka au kuingia katika Umoja huo. Fidia hiyo huweza kupunguzwa kwa nusu ikiwa abiria atafikishwa bila kuchelewa sana. Cha pili ni uchaguzi kati ya kurudishiwa nauli na kupangiwa safari nyingine. Cha tatu ni huduma za kungojea, yaani chakula, malazi panapohitajika, na njia ya kuwasiliana na jamaa.

Kanuni hiyo haikujali uraia wa abiria. Msafiri anayeondoka Amsterdam kuelekea Dar es Salaam au Nairobi huhusika nayo, shirika liwe la taifa lolote. Anaporudi Amsterdam huhusika pale tu shirika linapokuwa la Ulaya. Sasa ikiwa karatasi aliyopewa inaita mambo yote matatu “msaada”, au inaita fidia “kifuta jasho”, atashukuru kwa chumba cha hoteli na sahani ya wali, wala hatajua kwamba bado anadai. Kifuta jasho ni hisani ya mtoaji. Fidia ni deni.

6. Neno linapoficha kitendo

Tarehe 9 Aprili 2017, katika kiwanja cha O'Hare huko Chicago, abiria aliyekwisha kuketi katika ndege iliyosafiri kwa jina la United aliburutwa nje na maafisa wa usalama wa kiwanja, akaumia. Shirika lilihitaji viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wake, na hakuna abiria aliyekubali kubaki kwa malipo yaliyotajwa. Mwanzoni ilisemwa kwamba tiketi zilizidi viti. Baadaye ilielezwa kwamba hazikuzidi. Na mkuu wa shirika, katika tamko lake la kwanza, aliomba radhi kwa kutumia kitenzi chenye maana ya “kuwapangia abiria nafasi nyingine”. Watu waliokuwa wameiona picha ya mtu aliyevuja damu walilikejeli neno hilo duniani kote. Mwaka uliofuata, sheria ya Marekani ilikataza kumwondoa bila ridhaa yake abiria ambaye kadi yake ya kupandia imekwisha kupokewa, isipokuwa kwa sababu kama za usalama.

Kisa hiki chatufundisha kwamba neno laini si lazima liwe neno la adabu. Adabu ya hati rasmi ni ukweli wake.

7. Hitimisho

Kwa muhtasari, twapendekeza wafasiri na walimu wazingatie istilahi zifuatazo:

uuzaji (wa nafasi) kupita viti – kuuza tiketi nyingi kuliko viti vya ndege;
abiria asiyetokea – aliyeweka nafasi na hakufika;
kunyimwa nafasi – kuachwa kwa kukosekana kiti ilhali abiria ametimiza masharti yote;
kukataliwa kupanda – kuachwa kwa sababu ya hati, afya au usalama;
mwachia nafasi kwa hiari – anayekubali kubaki kwa malipo waliyopatana;
fidia – malipo ya lazima kwa aliyenyimwa nafasi;
marejesho ya nauli – fedha ya tiketi inayorudishwa;
huduma za kungojea – chakula, malazi na mawasiliano.

Maoni ya wasomaji yanakaribishwa, hasa ya wale wanaofanya kazi viwanjani, ambao huyasikia maneno haya kila siku kutoka kwa abiria wenyewe. Huenda kuna istilahi iliyo bora kuliko “uuzaji kupita viti”. Lakini kuhusu “kukosa” na “kunyimwa”, twaamini hakuna nafasi ya kusitasita: aliyelipa, akafika mapema, akasimama mstarini na tiketi yake mkononi, hakukosa kitu. Amenyimwa.